Tembe Isiyo na Kivuli Saa Sita

Mwanzoni mwa Oktoba jua la Dodoma linasimama utosini. Ikifika saa sita na nusu hivi, mti hauna kivuli ila kile kidogo kilichojikunja shinani. Nyasi zimekwisha, na ardhi yote ina rangi moja, ile ya kahawia yenye wekundu ambayo mtu wa Bahi au Chamwino anaijua kwenye visigino vyake mwenyewe. Ni katika siku kama hizo nilipokwenda kijiji kimoja na wenzangu wawili kurusha ndege nyuki (droni). Kibali tulikuwa nacho, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupiga picha za kijiji kutoka juu ili waliotutuma wapate idadi ya nyumba na wajue wapi pa kuweka vituo vya maji. Tukapiga. Picha zikaunganishwa kuwa moja kubwa, ikapitishwa kwenye programu ya akili mnemba, na programu ikachora mstari kuzunguka kila paa ililolitambua.

Nyumba ya bibi mmoja haikuwemo.

Tulikuwa tumekaa uani kwake asubuhi ile ile. Tulimwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi", akaitikia, akatuletea maji ya kunywa kwenye kata. Wanawe wana nyumba za bati hatua chache kutoka kwake, na zile zilionekana zote, mpaka banda la kuku lililofunikwa kipande cha bati chakavu likahesabiwa kuwa nyumba. Yeye anakaa kwenye tembe. Kwa asiyeijua, tembe ni nyumba ndefu ya mstatili, kuta zake za miti na udongo, paa lake bapa. Hulazwa magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito matawi na nyasi, halafu juu kabisa unamwagwa udongo na kushindiliwa. Kimo chake hakizidi sana kimo cha mtu. Na udongo wa paani ndio udongo wa uani, umechimbwa pale pale.

Sasa tazama kutoka juu, saa ambayo jua halitupi kivuli. Paa na uwanja vina rangi moja na chembe za aina moja. Programu ilitafuta mistari na rangi, na pale hapakuwa na mstari wala rangi ya kushika. Kitu pekee kinachotenganisha udongo wa paa na udongo wa uwanja ni kwamba mmoja uko chini na mwingine uko mita mbili juu yake. Hilo la kimo halikuulizwa na mtu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na ninaona si la tembe peke yake. Fani ya kuzifundisha kompyuta kuona imekwenda mbali sana kwa miaka kumi na kitu iliyopita, lakini imekwenda kwa mguu mmoja. Mashine nyingi zinazotambua vitu leo zinajua sura ya kitu kwenye picha bapa. Umbo lenyewe, lenye kimo, kina na upande wa nyuma, hazilijui au zinalikisia. Ninaamini kwamba utambuzi wa kweli lazima usimame juu ya umbo la pande tatu, yaani lenye urefu, upana na kimo, na kwamba sisi wa mikoa ya katikati ni miongoni mwa wanaolipa mapema pale unaposimama juu ya picha tu.

Waanzilishi wa fani hii walilijua hilo. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Lawrence Roberts aliandika tasnifu ambamo kompyuta ilipewa picha ya vitu vigumu vyenye kingo zilizonyooka, michemraba na kabari, ikatakiwa irudishe maumbo yake kamili, pamoja na pande zisizoonekana kwenye picha. (Roberts ndiye ambaye baadaye aliongoza ujenzi wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti.) Mwaka 1971 Thomas Binford akapendekeza vitu vielezwe kwa michirizi minene ya umbo la mcheduara, inayoweza kupinda na kubadilika unene njiani. David Marr, Mwingereza aliyefanya kazi MIT, aliandika na Keith Nishihara mwaka 1978 jinsi mnyama anavyoweza kuelezwa kwa mcheduara wa kiwiliwili, mingine ya miguu, mwingine wa shingo, kila mmoja ukiwa na mahali pake kwa mwenzake. Marr alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 35 tu, na kitabu chake kikubwa kikatoka 1982 yeye akiwa hayupo. Miaka mitano baadaye mwanasaikolojia Irving Biederman akasema kwamba vitu vya kila siku vinaweza kujengwa kwa maumbo ya msingi yasiyozidi 36, kama maneno yanavyojengwa kwa sauti chache.

Wazo lilikuwa sahihi, zana ndizo zilizokuwa hazijafika. Kutoa mcheduara safi kutoka kwenye picha yenye vumbi, kivuli na majani ilikuwa kazi ngumu mno kwa kompyuta za wakati ule. Na dunia haina maumbo safi kiasi hicho. Nenda ukatazame mbuyu mzee kando ya barabara ya Iringa: umetoboka, umevimba upande mmoja, umebonyea mwingine, na ukiuzunguka hatua ishirini unaona kama umehamia mti mwingine. Maumbo 36 hayautoshi.

Kwa hiyo watafiti wakashika njia nyingine. Mwaka 2009 Fei-Fei Li na wenzake walitoa ImageNet, hazina kubwa ya picha zilizoandikwa majina. Mwaka 2012 timu ya Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, ikaingia kwenye shindano la hazina hiyo na mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, uliofunzwa kwa picha milioni 1.2 za aina 1,000 za vitu, ikashusha makosa mpaka asilimia 15 na kitu wakati aliyewafuata alikuwa asilimia 26. Tangu siku hiyo mlango ulifunguka. Simu inayopanga picha zako, kamera inayosoma namba za magari, mashine inayotazama picha za eksirei, vyote vinadaiwa na ushindi ule. Siubezi hata kidogo. Ila katika picha zile milioni 1.2 hakuna aliyeiambia mashine kwamba kitu kina upande wa nyuma.

Hapa naomba twende Kolo, kwenye miamba ya Kondoa yenye michoro ya kale, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu walichora pofu, twiga na tembo kwenye kuta za mapango yale, na baadhi ya michoro ina maelfu ya miaka. Simama mbele ya michoro hiyo uwatazame wanyama. Karibu wote wamechorwa kwa ubavu. Mchoraji hakumchora twiga anayemjia uso kwa uso, wala pofu aliyeonekana kwa nyuma akikimbia, ingawa porini ndivyo wanavyoonekana mara nyingi. Alichagua upande ambao mnyama anajitambulisha: shingo, nundu, pembe, miguu minne. Wanasaikolojia wa Marekani Stephen Palmer, Eleanor Rosch na Paul Chase walilipima jambo hili mwaka 1981, wakaona watu wana mwelekeo fulani wanaoupendelea wa kukitazama kila kitu, na kwamba kikiwa katika mwelekeo huo hukitaja jina upesi zaidi.

Mpiga picha wa leo ana adabu ile ile ya mchoraji wa Kolo. Kiti anakipiga kikiwa kimesimama, kikombe kikiwa na mkono pembeni, gari likiwa limegeuka kidogo. Picha hizo ndizo zinazojaa intaneti, na mashine imelelewa kwenye adabu hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa MIT na wenzao walitoa mkusanyiko wa picha 50,000 unaoitwa ObjectNet, ambao waliuandaa kwa makusudi ya kuivunja adabu: viti vimelazwa chini, nyundo ziko kitandani, vikombe vimepigwa kutoka chini. Mashine zilizokuwa zinasifika zikaporomoka kwa pointi za asilimia 40 hadi 45. Vitu ni vile vile. Kilichobadilika ni upande wa kutazamia na mahali pa kuwekwa.

Mtoto wa miaka mitatu anayeona kigoda cha nyumbani kimepinduliwa hahitaji kufundishwa upya, maana amekishika, amekikalia, amekizunguka, amekitambalia kwa chini. Na ukitaka ushahidi wa maabara kwamba akili ya mtu inashika umbo la pande tatu, upo tangu 1971. Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu jozi za maumbo yaliyojengwa kwa vijichemraba, wakauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni mawili tofauti. Muda wa kujibu ulipanda kwa kufuata pembe ya mgeuko moja kwa moja, kama vile mtu anakizungusha kitu kichwani mwake kwa mwendo usiobadilika. Ukubwa wa pembe ndio uliotoza muda.

Hata jina la mji wetu lina somo hilo ndani yake. Kwa masimulizi ya Wagogo, Dodoma imetokana na neno la kusema kwamba kitu kimedidimia: tembo alikwenda kunywa maji, akazama kwenye tope. Waliomkuta waliona mgongo na kichwa. Hawakusema wameona mwamba wa kijivu. Walijua miguu minne iko chini ya tope, walijua ukubwa wa kilichofichika, na kwa kuwa walikijua wakasema amezama. Neno "kuzama" halina maana kwa anayejua kile kinachoonekana tu.

Jambo la pili ambalo picha bapa huliacha nyuma ni mahali. Kitu hakielei, kimesimama juu ya ardhi, na ardhi hiyo inasema mengi. Hili ninalipenda kuliko yote katika fani hii, kwa hiyo mniruhusu nikae nalo.

Nenda kwenye mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi, pale ardhi ilipo sawa kama meza, ushike kamera usawa wa macho, tuseme mita 1.6 kutoka chini, uitazamishe mbele bila kuinamisha. Mstari ambapo ardhi inakutana na anga, upeo wa macho, utakikata kila kitu kilichosimama kwenye tambarare hiyo katika kimo kile kile cha mita 1.6. Mchungaji aliye hatua kumi na mchungaji aliye nusu kilomita, wote mstari unawapita kwenye mita 1.6. Ng'ombe ambaye mgongo wake hauufikii mstari ni mfupi kuliko jicho lako. Mtu ambaye kichwa chake kimeuvuka ni mrefu kuliko jicho lako. Huna haja ya kujua wako umbali gani.

Kwa hiyo hesabu inakuwa rahisi ajabu. Kuna doa jeupe mbali kwenye picha, pikseli chache tu (vile vidoti vinavyounda picha), halina sura ya kutambulika. Pale linapogusa ardhi ni pikseli 40 chini ya mstari wa upeo. Doa lenyewe lina kimo cha pikseli 18. Kumi na nane kwa arobaini, mara mita 1.6, unapata sentimita 72: huyo ni mbuzi, au ni gunia. Kama doa lingekuwa na pikseli 45, lingekuwa na mita 1.8, na hapo unazungumzia mtu au bajaji. Doa moja, rangi moja, na jina limebadilika kwa sababu tu umejua ardhi iko wapi. Mwaka 2006 Derek Hoiem, Alexei Efros na Martial Hebert wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijenga utaratibu unaofanya hivyo hasa: mashine inakisia upeo wa macho, ardhi na vitu kwa pamoja, na kila kimoja kinamsahihisha mwenzake. Gari lenye kimo cha sentimita ishirini linakataliwa. Mtu wa mita tano anakataliwa. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshaifundisha kompyuta kuigawa picha ya nje katika sehemu tatu tu, ardhi, vilivyosimama na anga. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Lakini mtu anayetembea usiku njia ya kijijini anahitaji hizo tatu kabla hajahitaji jina la kitu chochote.

Na hapo ndipo suala la haki linapoingia, kwa maoni yangu. Majina hutoka kwenye picha, na picha nyingi zimetoka nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Google mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu asilimia 45 ya picha za ImageNet zilitoka Marekani peke yake. Mkokoteni wa punda wenye madumu ya maji, ule unaopita mitaa ya pembezoni ya Dodoma kila alfajiri, hautakuwa na picha nyingi humo. Mashine inayotegemea jina kwanza itakosa jina, na ikikosa jina haina kitu. Mashine inayotegemea umbo kwanza inaweza kusema: mbele, mita kumi na mbili, kuna kitu kimesimama juu ya barabara, kimo chake mita moja na nusu, urefu wake mita tatu, na kinasogea. Hata kama haijui kuitamka punda, dereva atafunga breki. Jina linaweza kuja baadaye, na linaweza kufundishwa na mtu wa hapa hapa.

Kanuni ya kupata kina haina uraia. Kaa dirishani kwenye treni ya SGR, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, asubuhi ikitoka kuelekea Igandu. Vichaka vya kando ya reli vinakimbia huwezi hata kuvihesabu. Mibuyu ya shambani inapita taratibu. Milima ya upande wa Mpwapwa imesimama kama inakusindikiza. Hakuna aliyekufundisha kwamba kinachokimbia kiko karibu. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: inachukua picha mbili zilizopigwa mahali tofauti, inatafuta chembe ile ile katika zote mbili, inapima imesogea pikseli ngapi, na kutoka hapo inapata umbali. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Washington walichukua picha zipatazo 150,000 za mji wa Roma zilizowekwa na watu mtandaoni, picha za watalii tu, na kwa siku moja wakajenga majengo ya mji ule kwa pande tatu. Mwaka 2020 ikaja njia iitwayo NeRF, inayoufundisha mtandao wa neva mwanga na uzito wa kila nukta hewani mpaka uweze kuonyesha mahali kwa upande ambao hakuna aliyepiga picha. Mwaka 2023 ikafuata njia ya madoa laini ya pande tatu, yenye kasi zaidi. Mwaka 2025 mtandao unaoitwa VGGT, wa Chuo Kikuu cha Oxford na Meta, unapokea picha kadhaa na kutoa mahali pa kamera, kina na wingu la nukta, yaani nukta nyingi zinazochora umbo la kitu, kwa sekunde chache.

Turudi sasa kijijini, maana hapa ndipo kilichoniuma kilipo. Tulirusha ndege nyuki mita 80 juu. Kwa kimo hicho, na kamera ile, pikseli moja ilikuwa kama sentimita 2 za ardhi. Chukua picha mbili zilizopigwa mita 20 moja kutoka nyingine: chembe ya udongo wa uwanjani inasogea pikseli 1,000 kutoka picha ya kwanza hadi ya pili. Chembe ya udongo wa paa la tembe, kwa kuwa iko mita 2 karibu zaidi na kamera, inasogea pikseli 1,026 hivi. Pikseli 26 za tofauti! Kwa programu ya kuunganisha picha hilo si jambo la kutafuta kwa tochi. Tena programu hiyo haiwezi kuunganisha picha vizuri bila kwanza kujua kimo cha kila mahali. Inakipima, inatengeneza ramani nzima ya vimo, inaitumia kunyoosha picha, halafu inatoa picha kubwa bapa. Ramani ya vimo inabaki kwenye faili pembeni.

Kwa maneno mengine, tembe ya bibi ilikuwa imeonekana. Ilipimwa. Kisha kipimo kikawekwa pembeni kwa sababu programu ya kutambua nyumba ilifundishwa kwenye picha bapa na haikuwa na pa kupokelea kimo. Niliuliza kwa waliotutuma kwa nini wasitumie faili ile ya pili. Nikaambiwa utaratibu wao unapokea picha moja. Ndiyo hivyo, bibi mwenye nyumba ya udongo anakosa kuhesabiwa kwa ajili ya umbo la faili.

Najua kuna hoja dhidi yangu, na si ndogo. Mtu atasema: siku hizi mashine inakisia kina kutoka kwenye picha moja, bila mizunguko yote hiyo. Ni kweli. Depth Anything, iliyotoka mwaka 2024, ilijifunza kwa picha zaidi ya milioni 62, na ukiipa picha ya sebule inakupa kina chake kwa usahihi wa kushangaza. Lakini inajua kwa kuwa imeona sebule nyingi. Inajua paa liko juu ya ukuta kwa kuwa imeona mapaa mengi na kuta nyingi. Ipe udongo juu ya udongo, bila kivuli, kutoka juu, na haina cha kushika zaidi ya ile programu ya kwanza. Itakisia uwanja, kwa kuwa picha za namna hiyo mara nyingi huwa ni uwanja. Kukisia kunafuata mazoea ya waliowahi kupigwa picha. Kupima kunafuata kitu chenyewe. Ukiwa mtu wa kawaida mahali pa kawaida, vyote viwili vitakufikisha. Ukiwa tofauti na wengi, ni kimoja tu kitakachokuona.

Wenzetu wa Google, waliotoa ramani ya majengo ya Afrika mwaka 2021 ikiwa na majengo milioni 516, na kazi hiyo ikiwa imefanywa kwa sehemu kubwa na ofisi yao ya Ghana, walieleza wenyewe wazi kwamba nyumba zilizojengwa kwa vitu vya asili, zinazofanana na ardhi iliyozizunguka, ni ngumu kuziona. Mwaka 2024 wakaongeza makadirio ya kimo cha majengo kwa miaka ya 2016 hadi 2023. Huo ni mwelekeo ninaoupongeza kwa moyo wote. Ila kimo hicho kinakadiriwa kutoka kwenye picha za setilaiti za Sentinel-2 ambazo pikseli yake hubeba mita 10 za ardhi, na upana wa tembe haufiki mita hizo. Kwa tembe lazima mtu ashuke chini.

Wala sisemi kwamba pande tatu zenyewe ziko salama na upendeleo. Hazina kubwa ya maumbo iliyotoka mwaka 2015, ShapeNet, ina maelfu ya viti, meza, ndege na magari yaliyochorwa kwa kompyuta. Sijawahi kukuta kinu na mchi mle. Hazina ya KITTI ya mwaka 2012, iliyofundisha magari mengi kuona, ilikusanywa kwenye barabara za Karlsruhe na viunga vyake, Ujerumani. Ya nuScenes ni Boston na Singapore. Gari lililolelewa Karlsruhe halijawahi kukutana na kundi la ng'ombe linalovuka lami saa kumi na moja jioni na mchungaji mdogo akiwa nyuma kabisa. Kipimo kitasema kuna vitu vingi, vina kimo fulani, vinakatiza. Kwamba nyuma ya ng'ombe wa mwisho lazima kuna mtoto, hilo linajulikana na mtu wa hapa tu, na linatakiwa kuingizwa na mtu wa hapa.

Ndiyo maana naona kazi hii ifanywe Dodoma. Tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya mambo ya kompyuta. Tuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Tuna wapimaji ardhi waliozunguka na vifaa vyao kila kona tangu serikali ilipohamia kwa nguvu mwaka 2016 na mji wa serikali wa Mtumba ukaanza kuota majengo. Vipimo vya pande tatu vinachukuliwa kila wiki katika mkoa huu kwa ajili ya viwanja na barabara, halafu vinalala kwenye diski za watu. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kuizunguka tembe mara mbili, akapiga picha 60, na nyumbani akapata wingu la nukta lenye kila fito. Akiifanya hivyo kwa tembe, kwa mbuyu, kwa ghala la nafaka, kwa mkokoteni, kwa zabibu za Hombolo zikiwa na majani na baada ya kupogolewa, tutakuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa nje atakayetukusanyia. Zabibu nazitaja kwa sababu mkulima anataka kujua vichala vingapi vipo kabla mnunuzi hajafika, na kichala kilichojificha nyuma ya jani huonekana ukisogea hatua moja. Kwa picha moja moja utakihesabu mara mbili au usikihesabu kabisa. Ukijua mahali pake hewani unakihesabu mara moja.

Yote haya yanahitaji muda wa watu na mahali pa kuhifadhia. Fedha zake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kisima kilichochimbwa mahali pasipo na watu.

Jioni ya siku ile nilifungua ile faili ya vimo mwenyewe. Nikaipaka rangi, chini bluu, juu nyekundu. Nyumba za bati zikatokea. Na pale ambapo picha ilionyesha uwanja mtupu, ukatokea mstatili mrefu, mwekundu, kingo zake zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, tembe nzima imesimama. Juu ya paa kulikuwa na vivimbe vidogo, kimo cha shubiri moja hivi. Nikavihesabu, vikawa sita. Kesho yake tulipita kumuaga bibi, nikamwonyesha kwenye simu. Akaivuta karibu na macho, akaitazama kwa muda, akaitambua nyumba yake kabla sijamwambia. Nikamuuliza vile sita ni nini.

"Ni vibuyu vyangu, mjukuu wangu, nimevianika," akasema. "Lakini ni saba. Kimoja nimekilaza chini ya gunia, kilikuwa kinapasuka kwa jua."